Kobe wa Mkolani na maranda ya seremala: uchambuzi wa kisa kimoja cha matandazo

Macho yote mawili yalikuwa yamevimba, kope zimeshikana, na mwenye kobe alikuwa ameshaambiwa na kila aliyemuuliza kwamba ni upungufu wa vitamini A. Dhana hiyo haikuwa ya ovyo. Kobe mchanga anayelishwa nyanya na kabichi siku zote anaweza kabisa kuvimba macho kwa sababu ya lishe. Lakini kwenye mikunjo ya shingo na nyuma ya mapaja palikuwa na unga laini wa rangi ya krimu, na alipowekwa mezani harufu iliyomtoka ilikuwa ya karakana ya mbao. Kabla ya kufikiria sindano yoyote, nilimuuliza mwenyewe: "Mwalimu, huyu analala juu ya nini?"

"Maranda, daktari. Ya mbao safi kabisa. Nayachekecha mwenyewe."

Kisa chote kimo katika jibu hilo. Nakiandika kwa urefu kwa sababu hapa Mwanza wapo watu wanaowapenda wanyama wao kwa dhati, na bado wanawatandikia kile ambacho fundi seremala anatupa, wakiamini kwamba kilichomfaa kuku kitamfaa kila kiumbe anayelala chini.

Kobe na banda lake

Ni kobe chui, ile aina yenye gamba la manjano na madoa meusi ambayo watu wa huku huiona ikivuka barabara upande wa Serengeti mvua zikianza. Gamba lilikuwa na urefu wa sentimita 11, uzito gramu 240, umri kama miaka miwili. Alizaliwa katika bustani ya wanyama yenye leseni na makaratasi yake yapo. Nalitaja hili mapema kwa kuwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kobe wa porini si mali ya aliyemwokota. Anayemkuta njiani na kumbeba nyumbani bila kibali anatenda kosa, na mahali pa kuulizia ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA. Ushauri wote wa hapa unamhusu kobe aliyekwisha kuwa nyumbani kihalali.

Mwalimu ni mstaafu, anaishi Mkolani na mjukuu wake. Sababu zake za kumweka kobe ndani zilikuwa za kweli. Uani kuna mbwa, kenge hutokea kwenye majabali yaliyo nyuma ya nyumba, na kunguru wa mji huu hawakiachi kiumbe kidogo kilicho peke yake. Gamba la kobe wa umri huu bado halijakomaa, na mbwa anayecheza tu anaweza kulipasua.

Kwa hiyo fundi alimtengenezea boksi la mbao, urefu sentimita 120 na upana 80, likawekwa juu ya meza sebuleni karibu na dirisha la kioo. Upande mmoja ilining'inia balbu ya kawaida. Chini palitandikwa maranda ya paina yaliyochanganyika na unga wa mbao, unene wa vidole vitatu hivi, na chakula kiliwekwa juu ya maranda yenyewe. Kila jioni Mwalimu alipiga maranda kwa mkono ili yakae sawasawa. Lilikuwa banda safi kwa macho, na ninasema hivyo kwa heshima, maana mtu huyu hakuwa mzembe hata kidogo.

Mbali na macho, kobe alikuwa akipiga chafya na kutoa vipovu vidogo puani, ingawa pumzi yake haikuwa na mluzi na hakuhema kwa mdomo wazi. Hakuwa amepata choo kwa siku kadhaa. Ule uchafu mweupe unaotoka na mkojo wa kobe ulikuwa mzito na wenye chembechembe, dalili kwamba mwili umekaukiwa. Na vigamba vya mgongoni vilikuwa vimeanza kuinuka kimoja kimoja, kila kimoja na kilele chake, badala ya kukua kwa ulaini kuelekea pembeni.

Tulimloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yaliyofika chini ya kidevu chake, dakika 20. Ndani ya maji hayo akapata choo. Kilikuwa kigumu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya maranda vilivyojikunja, vingine vya urefu wa ukucha wa mtu mzima. Mwalimu alivitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe alikuwa anakula kitanda chake."

Kubadilisha kitu kimoja kwanza

Katika kisa cha namna hii kishawishi kikubwa ni kubadilisha kila kitu siku hiyohiyo: taa, chakula, matandazo, dawa. Mnyama akipona, hujui kilichomponya, na mwenye mnyama anabaki na imani zake za mwanzo. Hali ya kobe huyu haikuwa ya kufa na kupona, tukapata nafasi ya kwenda hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa maranda yote, kulifuta boksi kwa kitambaa chenye maji, na kutandika magazeti. Chakula kiliachwa kama kilivyokuwa, na balbu ni ileile. Macho yalisafishwa kwa maji ya chumvi ya dripu ili kutoa unga uliokwisha kuingia ndani ya kope. Magazeti si matandazo mazuri ya kudumu na nilimwambia Mwalimu hivyo tangu mwanzo: yanateleza, miguu ya kobe mchanga inatanuka pembeni anapojaribu kutembea, hana cha kuchimba, hana pa kujificha. Lakini hayana vumbi, hayamezeki kirahisi, na choo kinaonekana mara moja. Kwa kobe mgonjwa au mgeni anayetazamwa kwanza, ndiyo sakafu ninayoichagua.

Kabla ya wiki kwisha kope zilikuwa zimeachana, macho yanaonekana yote mawili, na chafya zimekuwa za nadra. Chakula kilikuwa nyanya na kabichi zilezile. Upungufu wa vitamini A hauponi kwa kubadilishiwa gazeti. Hapo tulikuwa na jibu kuhusu macho na pua: lilikuwa vumbi, pamoja na mvuke wa utomvu wa paina uliokuwa ukipashwa moto na balbu juu yake.

Baada ya hapo ndipo tulipogusa chakula na mwanga, na nitapita haraka. Kobe chui ni mla nyasi. Alihamishiwa kwenye nyasi mbichi, magugu ya uani yasiyopuliziwa dawa, na majani ya mpungate yaliyotolewa miiba. Balbu ya kawaida inatoa joto na mwanga wa kuonea tu, na kioo cha dirisha kinazuia ile miale ya jua inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D. Kwa hiyo asubuhi alianza kutolewa nje ndani ya wavu uliofunikwa juu, mtu akiwa karibu. Haya yote yana uzito wake, ila kisa hiki ni cha sakafu.

Hoja ya kijana wa kuku

Mwalimu ana mpwa wake anayefuga kuku wa nyama Buhongwa, na ndiye aliyemshauri maranda. Alikuja kusikiliza, akauliza kwa adabu swali ambalo wengi wangeuliza: "Shikamoo daktari. Mimi nina vifaranga mamia juu ya maranda hayohayo, ya fundi yuleyule. Mbona wao hawaumwi macho?"

Swali lake lilistahili jibu kamili. Kwanza, kuku wa nyama anauzwa akiwa na wiki tano au sita. Madhara ya kuvuta mvuke wa paina yanayohitaji miezi kujionyesha hayatamkuta hai. Kobe chui anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Kitu kinachomdhuru kidogo kila siku kina muda wote wa kumdhuru sana.

Pili, kifaranga husimama kwa miguu miwili na kichwa kiko juu. Kobe hutembea pua ikiwa karibu kugusa ardhi, na akitaka kulala huingiza kichwa chini, anachimba kwa miguu ya mbele na kurusha matandazo usoni mwake mwenyewe. Kuku anadonoa punje moja moja. Kobe anauma jani kwa taya na kulivuta, na chochote kilichoshikamana na jani hilo lenye majimaji kinakwenda tumboni.

Tatu ni paina yenyewe. Mbao nyingi laini zinazofika Mwanza ni za mashamba ya miti, yakiwemo ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa. Ni mbao nzuri kwa kenchi na samani. Lakini harufu ile tamu ya paina mbichi ni mvuke wa kemikali za utomvu, na kwa panya wa maabara imeonekana kwamba matandazo ya miti ya jamii hiyo hubadilisha utendaji wa vimeng'enya vya ini. Ini la kobe lina kazi nyingi za kutosha bila kuongezewa hiyo.

Na la mwisho, ambalo mpwa mwenyewe alilikubali haraka kwa sababu anaijua karakana: hakuna maranda ya paina tupu. Fundi anapiga randa mbao ya paina saa nne, saa tano mvule, mchana anakata plaiwudi yenye gundi, jioni anasugua kabati lililopakwa vanishi. Vumbi la mvule linajulikana kuwawasha mafundi ngozi na kifua. Mbao nyingine zimetiwa dawa ya mchwa. Vyote vinaangukia sakafu moja na vinafagiliwa kwenye gunia moja. Ukichekecha unaondoa misumari, huondoi dawa.

Nini kinapatikana Mwanza

Kobe hawezi kubaki kwenye magazeti, kwa hiyo tulikaa na Mwalimu kuorodhesha kila kitu kinachoweza kupatikana mjini bila kuagiza mbali.

Pumba za mpunga ndizo za kwanza kutajwa, maana kanda hii inalima mpunga na mashine za kukoboa hazikosi. Ni nyepesi, bei yake ni ndogo, na zinakausha vizuri banda la kuku. Kwa kobe zina kasoro zilezile za maranda: zina vumbi, zina ncha kali zilizojaa silika, zinashikamana na chakula, na zikilowa zinaota ukungu. Tuliziacha bila mjadala.

Mchanga wa ziwani ulihitaji mjadala, kwa kuwa Mwalimu aliupenda. Ni mweupe, umeoshwa na mawimbi, na kobe anaonekana wa porini akitembea juu yake. Shida ya kwanza ni tumbo. Kobe anayekosa madini humeza mchanga kwa makusudi, na mchanga mtupu ukijikusanya utumbo unaziba. Kumfungua kobe kwa upasuaji ni jambo ambalo hakuna anayepaswa kulifikia kwa sababu ya sakafu. Shida ya pili ni kwamba mchanga mtupu haushiki unyevu: juu unakauka saa ileile, chini maji yanatuama. Shida ya tatu ni mahali unapotoka. Ufukweni mwa mji kuna maji ya mitaro, kuna mabaki ya mialo ya samaki, kuna vipande vyenye makali vya magamba ya konokono na kome, na Mto Mirongo unamwaga ziwani kila kilichotupwa ndani yake tangu katikati ya mji. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mtu asiende kuuchimba ukingo huo kwa ajili ya boksi la kobe.

Nyasi kavu zinafaa kama rundo la kujificha kwenye kona moja iliyo kavu. Kama sakafu nzima hapana, kwa sababu zikipata unyevu zinaota kuvu, na vimbegu vya kuvu vinakwenda moja kwa moja kwenye mapafu ya mnyama asiyeweza kukohoa. Kobe hana ule msuli wa kifua unaotusaidia sisi kukohoa kwa nguvu. Kikishaingia kitu mapafuni, kukitoa ni kazi ngumu. Jambo hili ningependa kila mfugaji wa kobe alijue kabla ya kununua chochote chenye vumbi.

Udongo wa vitalu unaouzwa kwenye mifuko kwa ajili ya maua una mbolea ndani yake, na mara nyingi una vijipira vyeupe vyepesi ambavyo kobe huvila akidhani ni chakula. Zulia la plastiki lenye majani ya bandia linanyofolewa nyuzi na kumezwa. Vigae havichimbiki.

Kikabaki kitu ambacho kobe wote wa kanda hii wamekikanyaga tangu waanguliwe: udongo wenyewe. Ila udongo wa Usukumani si mmoja, na hapa wakulima wetu wana ujuzi ambao hata watafiti wa udongo wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru wameutegemea kwa miaka mingi, wakitumia majina yaleyale ya wakulima. Ule mweusi wa mbuga unashika maji kupita kiasi. Ukilowa unaganda kwenye miguu ya kobe na kuziba mikunjo, ukikauka unapasuka na kuwa mgumu. Ibambasi ni mgumu tangu mwanzo. Isanga, ule wa karibu na majabali, ni changarawe na mchanga mnene. Luseni ndio uliotufaa: mwepesi, wa kichanga lakini wenye udongo wa kutosha kushikana, unaochimbika kwa ukucha mdogo, unaokunywa maji na kuyaachia polepole.

Niliweka mkazo mkubwa zaidi kwenye mahali pa kuuchota kuliko kwenye udongo wenyewe. Usichotwe kwenye shamba la pamba, kwa sababu ya dawa zinazopuliziwa kila msimu. Usichotwe kando ya barabara. Usichotwe popote karibu na sehemu wanakosafishia dhahabu, na upande wa Misungwi na Geita ziko nyingi, kwa kuwa zebaki inabaki ardhini. Usichotwe chini ya ua wa minyaa. Utomvu mweupe wa mnyaa unaunguza macho ya mtu mzima, sembuse ya kobe aliyetoka kuugua macho, na vijiti vyake vilivyokauka huvunjikia kwenye udongo bila kuonekana. Mwalimu alikumbuka kiwanja cha shemeji yake upande wa Kisesa, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa cha nyasi tu, hakijalimwa wala kupuliziwa. Huko ndiko ulikotoka.

Luseni peke yake ukiwa chini ya balbu unakauka mno na kuanza kutoa vumbi, na sisi tulikuwa tunalikimbia vumbi. Kwa hiyo tuliuchanganya na kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi ambao wakulima wa miche hununua ukiwa umeshindiliwa kama tofali. Ulilowekwa na kusuuzwa mara kadhaa, maana makumbi yanaweza kuwa na chumvi. Mtu asiyeupata, au akiona bei ni kubwa, anaweza kutumia mboji ya majani iliyoiva sawasawa, isiyo na samadi ndani yake wala majani ya mkaratusi. Samadi inatoa amonia, na ndani ya boksi amonia hiyo inatokea kwenye udongo, palepale pua ilipo.

Kulitandika upya

Hesabu ilitulazimisha kuanza na meza. Boksi la sentimita 120 kwa 80, likijazwa udongo wa kina cha sentimita 12, linahitaji kama lita 115. Ni ndoo sita za lita 20: nne za luseni, mbili za kokopiti. Ukishalowa, mzigo huo unapita kilo 100. Meza ya sebuleni haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kobe kuanguka kutoka juu ya meza ni msiba wa namna yake. Boksi likashushwa chini, juu ya matofali, ndani likawekwa turubai zito lililopandishwa kuta zote ili mbao zisioze.

Kina hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kobe mchanga anahitaji kuweza kujifukia mwili mzima, kwa hiyo kipimo changu ni kina kisichopungua urefu wa gamba lake. Vidole vitatu vya maranda havikuwa vimempa nafasi ya kufanya kitu ambacho angekifanya porini kila mchana wa jua kali.

Udongo ulichekechwa kutoa mizizi, vigae na waya. Kisha ukalowanishwa, ukapashwa moto ndani ya pipa lililofunikwa mpaka katikati pasishikike kwa mkono, ukaachwa hivyo nusu saa na kupozwa. Sisimizi, kupe na mayai yao wanaishia humo. Kuna faida nyingine kwa wenye nyumba: funza hukulia kwenye vumbi kavu la kichanga, na hakuna sababu ya kumkaribisha sebuleni kwa ajili ya kobe.

Sasa unyevu, ambao ndio moyo wa jambo zima. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kobe wa nyika kavu anapaswa kukaa pakavu, na kwamba vigamba vinavyoinuka husababishwa na protini nyingi. Utafiti uliofanywa Vienna na kuchapishwa mwaka 2003, kwa kobe wa Afrika aitwaye sulcata, ulionyesha kwamba unyevu wa mazingira ndio wenye uzito mkubwa: waliokulia pakavu waliinuka vigamba zaidi, na kiasi cha protini kilikuwa na athari ndogo tu. Jambo hilo linaeleweka ukikumbuka kwamba kobe mchanga porini hashindi juani. Anajificha chini ya vichaka na kwenye mashimo, ambako hewa ni nzito na ardhi ina ubaridi wa maji. Maranda yalikuwa yakifanya kinyume chake. Yalinyonya kila tone la unyevu kutoka hewani na kutoka kwenye ngozi ya mnyama. Ule mkojo mzito na vile vilele vya gamba vilikuwa vinatoka hapo.

Lakini unyevu nao unaua ukiwekwa vibaya. Udongo wenye maji juu, usiku wa Juni au Julai ambapo Mwanza, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, inapoa, utamletea kobe homa ya mapafu na kuozesha gamba la tumbo. Njia iliyotumika ni hii: maji yanamwagwa polepole kwenye pembe nne za boksi, yanashuka na kusambaa chini, huku tabaka la juu likibaki kavu. Kipimo ni mkono. Chota udongo wa chini, ukamue. Ukishikana bila kudondosha maji, na ukivunjika ukiugusa kwa kidole, umefika. Ukidondosha, acha siku mbili tatu. Ukimwagika kama unga, ongeza.

Chini ya balbu tuliweka jiwe bapa la matale, yaani majabali yetu, ambayo kwa mji huu hayana gharama, na joto hapo hufika nyuzi 32 hadi 35 mchana. Upande wa pili hubaki kwenye nyuzi 25 hivi. Jiwe jingine bapa likawa sahani ya chakula, kwa hiyo jani haligusi tena udongo na makucha yanasagika yenyewe. Kwenye upande wenye ubaridi kiliwekwa chungu kilichovunjika nusu, kikafukiwa kidogo, na udongo wa ndani yake unaachwa na unyevu zaidi kuliko kwingine. Huko ndiko analala.

Choo kinatolewa kila siku kwa kijiko maalumu. Udongo unageuzwa kila wiki, na ndoo zote sita hubadilishwa kila baada ya miezi michache au mara tu harufu inapobadilika. Mjukuu ana miaka minne, kwa hiyo nilisema hili mbele ya wote: kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela, na mkono ukitoka kwenye boksi unakwenda kwenye sabuni kabla ya kwenda popote. Kijiko na vyombo vya kobe havioshewi kwenye sinki la jikoni.

Kilichofuata

Siku alipowekwa kwenye udongo alisimama muda mrefu bila kusogea, kisha akaanza kuchimba chini ya chungu. Chafya hazikurudi. Choo kimekuwa cha nyuzi na cha kila siku, na ule uchafu mweupe umekuwa mwepesi. Baada ya miezi kadhaa, mizani ya jikoni ilisoma gramu 310. Vilele vya vigamba vilivyokwisha kuinuka havitashuka. Mfupa na gamba vikishakua hivyo vimekua. Lakini kati ya vigamba sasa kuna mstari mpya wa rangi ya maziwa unaokua kwa usawa, na ukipitisha kidole unausikia ulaini wake. Mwalimu anaupima kwa rula na kuniandikia.

Mpwa wake aliniuliza kama basi mchanganyiko huu umfae kila kobe. Haumfai. Yule kobe bapa wa miambani, ambaye aina yake ilielezwa kisayansi mwaka 1903 kutokana na mnyama aliyetoka Busisi, ng'ambo tu ya Kigongo, anahitaji mianya ya mawe zaidi ya udongo wa kina, na tangu mwaka 2019 biashara yake ya kimataifa imewekwa kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi. Kobe wale wenye kiungo kinachojikunja nyuma ya gamba wanataka majani mengi yaliyooza na unyevu kuliko huyu. Na kobe chui huyuhuyu akifikisha sentimita 20 udongo wa boksi hautamtosha kwa namna yoyote ile. Mwalimu ameshaanza kujenga uzio wa mawe uani, urefu wa mita sita, wenye kivuli, paa la wavu na kibanda kikavu cha usiku. Udongo wa humo ni luseni uleule, na miezi hii anapanda nyasi ili mvua za Novemba zikipita ziwe zimeshika.